Alichokula Shemeji Patroba

Shemeji yangu Patroba Lusweti, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ni mzee wa kanisa hapa Lumakanda, na jina lake limekwenda pamoja na kuku kwa miaka mingi. Akionekana njiani Jumapili, akina mama hujua jogoo gani hatamaliza siku. Sijawahi kuona ubaya wake. Ukoo unaojulikana kwa kuku hupokelewa vizuri popote.

Moyo wake ndio ulioleta matata. Hudunda bila mpango: mara mbio, mara unasita, mara unaruka. Daktari alitueleza kwamba moyo wa namna hiyo huacha damu ituame ndani yake na kuganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Akapewa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mimi nikawa wa kumpeleka kupimwa damu, kwa kuwa mkewe Nekoye huzirai akiona sindano.

Mvua zilipoanza, vipimo vikaharibika. Dawa ikaongezwa, lakini wapi.

"Damu yako bado inaganda upesi, mzee," nesi Cheptoo akasema. "Dawa unameza?"

"Kila jioni, binti yangu."

"Na chakula?"

Patroba akatazama pazia. Chumba kile hakina mlango, na kwenye benchi la korido, nje ya pazia, alikuwa ameketi Gentrix wa kwaya yetu, ameacha hata kukohoa.

"Kuku," akasema, kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani.

"Asubuhi je?"

"Kuku wa jana."

"Mboga?"

"Mboga tunawaachia ng'ombe."

Ukweli ni kwamba shemeji hula kuku kwenye nyumba za watu tu. Kwake, mvua ikinyesha, ni mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza, asubuhi, mchana na jioni, na mwishowe hulamba chungu. Nekoye ameapishwa asiseme.

"Basi sielewi," Cheptoo akasema. "Mboga za majani ndizo hupunguza nguvu ya dawa hii, na wewe huli. Nitamwambia daktari aiongeze tena."

"Aongeze. Mimi ni mtu mkubwa."

Tangu nifiwe, mimi ndiye ninayelinda jina la nyumba ile. Lakini akilini nilimwona shemeji ameanguka mbele ya madhabahu, mdomo umepinda. Kisha nikawaza kiangazi kikifika, mrenda umekauka shambani, na dawa ile iliyoongezwa ikimtoa damu puani.

"Anakula mrenda," nikasema.

"Mama Natasha," akaninong'oneza, "pazia."

"Kutwa mara tatu. Chungu analamba."

Cheptoo akaweka kalamu chini. "Mrenda kiasi gani, mzee?"

Patroba akapanua mikono kama mtu aliyebeba ndama.

Dawa haikuongezwa siku hiyo. Aliambiwa asiache mboga, ila ale kiasi kilekile kila siku, mvua au kiangazi, kisha arudi kupimwa wiki ijayo ili dawa ilinganishwe na chakula chake halisi.

Tulipotoka, Gentrix alisimama, akampa mkono kwa heshima zote.

"Mzee, Jumapili ni zamu yangu kukupikia. Nina jogoo nimemfungia tangu juzi. Sasa nimfungulie?"

Patroba akanitazama. Nikatazama dari.

"Umfungulie kwa nini?" akasema. "Nesi amezungumzia mboga. Kuku hakumtaja."