Mkono Uliofungiwa Kwenye Kitenge

Chumba tulichopewa Lizaboni, hapa Songea, kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri. Ndivyo huduma yetu ilivyoanza. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na nilichotaka kilikuwa kidogo tu: mahali pa kuwapima watoto wasioweza kusema, tujue kila mmoja anaweza kuwasiliana kwa njia gani, iwe ubao wa picha, kishikwambi au macho tu. Nilizunguka maofisini mpaka soli zikaisha. Afisa mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, kama hasemi, utampima nini?" Akacheka peke yake.

Kishikwambi tulikipata, cha msaada. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtoto anacheza kwenye theluji. Theluji, Songea hii. Nikazifuta picha nyingi, nikapiga zangu: ugali, dagaa wa Nyasa, ndoo ya maji, choo cha nje. Picha ya salamu ilikuwa mkono unaopunga, na hapa kwetu mtoto akimpungia mtu mzima badala ya kumwamkia, atasemwa yeye na mama yake. Nikachora mtoto amepiga goti mbele ya mtu mzima, nikabandika picha zote kwenye ubao, maana umeme nao ulikuwa na mambo yake. Nachora vibaya, ila shikamoo ilieleweka.

Mtoto ninayemkumbuka kuliko wote ni binti wa miaka tisa aliyeletwa na bibi yake kutoka upande wa Namtumbo, kwa wakulima wa tumbaku. Alikuwa na mtindio wa ubongo, hatembei, hasemi. Bibi alimbeba mgongoni kutoka stendi, mtoto mzima yule. Shule moja yenye bweni ilikuwa na nafasi moja tu, na ilitaka fomu yangu iseme kama mtoto anaelewa. Akielewa, anapokelewa. Asipoelewa, anarudi kulala kwenye mkeka, mlango umerudishiwa, bibi yuko shamba.

Nikaweka picha upande wake wa kulia. "Nionyeshe maji." Akanitazama, akaitazama picha, jasho likamtoka puani. Hakuonyesha kitu. Bibi alikuwa amempakata, mkono wa kushoto wa mtoto ameushika ndani ya kitenge. Nilidhani anamtuliza.

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka, chumba kinavuja, ofisi inanidai ripoti, na hapa kuna mtoto ambaye moyo wangu unaniambia anaelewa lakini hanipi hata dalili. Nilikasirika, sifichi. Hasira ikikosa pa kwenda huishia kwenye karatasi. Nikaandika: *Haonyeshi uelewa.*

Waliporudi mara ya tatu fomu ilikuwa mezani, ikisubiri mhuri tu. Nilimwomba bibi kadi ya kliniki ili ninakili namba. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, fundo gumu, akahitaji mikono yote miwili. Akauachia ule mkono wa mtoto.

Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye ubao, ukagonga ndoo ya maji. Nikasema labda bahati. Nikageuza ubao, ndoo ikawa kwingine. Ukaifuata, ukaigonga tena. Nikampa kikombe, akanywa mpaka mwisho.

Bibi akaudaka mkono. "Nisamehe, mwalimu. Huyu namfundisha kila siku, bado hana adabu."

"Bibi, huo wa kulia unafanya kazi?"

"Haujawahi."

"Sasa mbona hukuniambia anatumia kushoto?"

"Hukuniuliza," akasema. "Na wewe mtu mzima, tena mwalimu, akuonyeshee kushoto? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hasemi, basi asiwe na adabu pia?"

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilisubiri niambiwe. Mama yangu alinichapa huo huo mkono wa kushoto nikiwa mdogo, kwa kupokea nao kitumbua. Tangu hapo kila kitu changu kiko kulia, hata picha nilizompangia mtoto ambaye kulia kwake kumekufa. Nimesoma chuo, nimehudhuria semina, na hilo halikunipitia kichwani.

"Bibi, nakuomba. Uachie. Kwangu mimi huo ndio mdomo wake."

Alikaa nao muda mrefu. Kisha akakifungua kitenge.

Nikaweka ubao wote mapajani kwa mtoto. Hakuenda kwenye ugali wala maji. Mkono ulipita picha moja, ukarudi, ukatua kwa yule mtoto niliyemchora vibaya, aliyepiga goti. Akamtazama bibi yake.

Bibi aliutazama mkono ule, wa kushoto, unaomwamkia. Nilijua anachopigana nacho, kwa sababu na mimi nilikuwa nacho.

"Marahaba," akasema, polepole. Miaka tisa alikuwa hajapata sababu ya kumjibu hivyo. Halafu akasema, "Tena."

Mtoto akagonga tena. "Marahaba, mjukuu wangu."

Kisha binti akanigeukia mimi, akaigonga ile ile picha. Nilichelewa kuitikia. Fomu yake ilikuwa mezani kati yetu, na mwandiko ulikuwa wangu.