Bei Tuliyomficha Lorenso

Nakumbuka siku moja ambayo ningefurahi kuisahau, mjukuu wangu. Tangu jana niliposikia wewe na wenzako mnapanga kwenda kuwafukuza wale Warundi waliochukua kazi yenu kwenye tanuri la matofali, imenirudia, sipati raha. Kaa kwanza. Hiyo fimbo iegemeze mlangoni.

Nilikuwa kijana kama wewe, mbishi kukushinda. Tulikuwa wanne, tunabeba matenga ya kabichi kichwani kutoka mashamba ya juu mlimani, huku kwetu Uluguru, mpaka barabarani kwenye lori la tajiri. Bei ya tenga tulikubaliana wenyewe: hakuna wa kubeba chini ya hapo.

Ndipo akaja Lorenso, mtu wa Msumbiji, amekimbia vita na mkewe. Mpole, lakini ana nguvu huyo, weh! Siku hiyo alinikuta nasokota ngata yangu ya majani ya mgomba, akaniuliza, "Kaka, ninyi mnabeba tenga kwa shilingi ngapi?"

Nikamtazama juu mpaka chini. "Kamuulize tajiri."

Wenzangu wakacheka. Tuliona tumemkomesha, atahangaika wee, mwisho ataondoka.

Kweli akamuuliza tajiri. Tajiri akamtajia nusu ya bei yetu, naye, mgeni wa watu, akashukuru.

Wiki haikuisha, tajiri akatuita. "Mwenzenu anabeba kwa nusu. Mnaotaka, bebeni. Msiotaka, njia ile pale."

Nilikuwa nimeshapeleka posa kwa kina bibi yako, na kazi ile ndiyo ilikuwa tegemeo langu. Hofu ilinishika, ikageuka hasira. Nikakimbia kwa mjomba, maana kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli. Hata shikamoo nilisahau. Nikamwambia tunakwenda kumtoa yule mgeni leo hii hii, kwa fimbo.

Mjomba alikuwa anapalilia maharage, wala hakunyanyua kichwa. "Alikuuliza bei?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia akamuulize tajiri."

"Basi bei yako umeishusha mwenyewe. Sasa unakwenda kumpiga nani?"

Niliona haya, we acha tu. Jioni nikaenda kwa Lorenso, nikamtajia bei yetu. Akashika kichwa. "Mbona hukuniambia, kaka?" Nikamwambia kesho twende wote kwa tajiri.

Kesho yake tulisimama watano mbele ya lori, tukagoma kubeba, kabichi zinanyauka juani. Tajiri alifoka, akatutukana, akapandisha bei. Haikurudi yote, sikudanganyi. Na matenga yale yale sasa tuligawana watano. Bibi yako alinisubiri mwaka mzima mpaka mahari ikatimia, na hajaacha kunisema.

Kwa hiyo sikwambii kwamba mgeni hapunguzi kitu. Kuna siku anapunguza, na inauma. Ninachokwambia ni hiki: kabla hujamgusa Mrundi yeyote, muulize analipwa ngapi kwa matofali yale. Mwambie na wewe ulikuwa unalipwa ngapi. Halafu mwende wote kwa mwenye tanuri, maana huyo ndiye anayepanga bei, na nyinyi mkipigana yeye anakaa kivulini anakunywa chai.

Mungu akufungulie riziki, mwanangu, akupe na moyo wa kumwambia mwenzako ukweli mapema kuliko mimi. Haya, wahi kabla hawajawasha moto. Fimbo iache hapo hapo mlangoni.