Nta Kwenye Tundu la Skrubu

Jumamosi ile Mama Spika alikuwa na raha zake. Mumewe alikuwa ametoka na gari la mikate tangu alfajiri, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo hapakuwa na redio ya jirani wala rundo la nguo za kupiga pasi. Alitandika shuka kuukuu juu ya meza ya chakula, akaiinua spika aliyoinunua wiki ile, akailaza kifudifudi polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Jina la Mama Spika alipewa kazini. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, mahali ambapo mashine hunguruma kutwa na watu huongea kwa kupaziana sauti, na wenzake hawakumwelewa mwanamke anayeshinda kwenye makelele namna ile, kisha akitoka anakwenda kutafuta vyombo vya kupigia makelele mengine. Hakuwahi kuwaeleza vizuri. Marehemu baba yake alikuwa mwendesha mashine ya filamu kwenye jumba la sinema, na yeye alikulia katika kile chumba chembamba cha nyuma, akinusa vumbi likiungua taratibu juu ya taa za kioo za amplifaya. Jumba lilishafungwa, baba alishazikwa, lakini spika ya zamani ikipata moto na kutoa harufu ile, kifua chake hulegea.

Basi alizisaka kila zilipo: kwenye kumbi zilizofilisika, sebule za wajane, stoo za shule. Karatasi ya spika ikiwa imechanika aliiziba kwa karatasi laini na gundi nyepesi, kwa vidole vya mtu anayefunga kidonda. Mbao alizisugua mpaka zikang'aa. Alibadilisha kitambaa cha mbele, waya zilizooza, miguu. Kisha aliuza, akanunua nyingine. Mumewe alikuwa amekwisha kuchoka kushangaa.

"Mke wangu," alimwambia siku ile spika hii ilipoingia, "ungeniletea mwanamume hapa ndani ningejua pa kuanzia ugomvi. Sasa nigombane na sanduku?"

"Gombana nalo tu. Likikujibu niite."

Spika hii ilikuwa ya aina yenye mashine yake ya taa za kioo humo humo ndani, na mbele ina vizungushio viwili vya plastiki nyeusi, kimoja cha kuwashia na kupandishia sauti, kingine cha kuipa uzito. Ilikuwa pacha wa ile aliyomuuzia Msusi, mwenye saluni ya kona, mwezi uliopita. Ile ya Msusi vizungushio vyake vilikuwa vimepasuka, akavitupa, akaweka vya shaba alivyovitoa kwenye droo za kabati bovu na kuvichonga kwa tupa mpaka vikaingia sawasawa. Vilipendeza. Vilipendeza hata Msusi alipoviona hakuuliza sauti ya spika ikoje, alisema tu, "Dada, hii inakwenda saluni kwangu leo hii, nataka wateja waione wakiingia mlangoni."

Hivi vya leo vilikuwa vizima. Mama Spika alitaka kuving'oa avioshe. Kila kimoja kilishikwa na skrubu ndogo ubavuni, na tundu la skrubu lilikuwa limejaa uchafu mgumu wa rangi ya ugoro. Alichukua pini akaanza kuukwangua, kama alivyoukwangua ule wa mwezi uliopita, bila kufikiri, huku akiimba kimoyomoyo. Uchafu ukatoka kama ganda. Akaufikicha kwa kidole. Ukalainika.

Akaunusa. Nta.

Akakitazama kizungushio cha pili. Nacho kilikuwa na nta, imejazwa mpaka mdomoni, ikasawazishwa kama mtu aliyesawazisha unga kwenye kikombe. Uchafu haujipangi hivyo. Kuna mtu, kiwandani huko, miaka hiyo, alikaa kwenye kiti akayaziba haya matundu moja baada ya jingine kwa makusudi. Mama Spika alitabasamu kwanza, akimhurumia mtu yule kwa kazi yake ya kuchosha. Halafu akajiuliza alikuwa anaziba nini kisitoke.

Tabasamu lilikauka usoni.

Alifungua mgongo wa sanduku. Alikuwa amekwisha kuuona utumbo ule katika ile pacha, lakini aliuona kama mtu anavyoziona sura za watu sokoni. Sasa aliufuata waya wa umeme kwa ncha ya bisibisi. Mashine nyingi alizozoea zina transfoma, lile donge zito linalosimama kati ya umeme wa ukutani na vitu vya ndani. Humu hapakuwa na donge. Waya mmoja ulitoka kwenye plagi moja kwa moja hadi kwenye bati la chuma lililobeba mashine yote. Kwenye bati lile vilifungwa vijiti vya chuma vya vizungushio. Kwenye kijiti kuna skrubu. Na juu ya skrubu, kati ya chuma na kidole cha mtu, hakukuwa na kitu isipokuwa plastiki na tone la nta.

Yeye ile nta aliitupa, akaweka shaba.

Aliketi. Plagi ilikuwa ya miguu miwili iliyolingana, inaingia ukutani hivi au vile, yote sawa. Ikiingia hivi, bati linapata ule waya usio na moto. Ikigeuzwa, bati zima linapata waya wa moto, na vile vizungushio vizuri vya shaba navyo vinapata. Ile ya Msusi ilipokuwa bado kwake, bahati ilikuwa imeiingiza vizuri. Alivishika, akavifuta, akavipigia mswaki. Hata kuipeleka kwa Msusi alikwenda mwenyewe, akaichomeka mwenyewe, akazungusha mwenyewe mbele ya wateja waliopiga makofi.

Na Msusi ni mtu ambaye mikono yake haikauki kuanzia asubuhi hadi jioni.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, akasikia ile sauti ya kike yenye adabu ikimwomba ajaribu baadaye, akatamani kuitukana. Kisha akakumbuka: umeme umekatika. Simu ya Msusi imezima kwa sababu hakuna umeme, na kama hakuna umeme, spika haiwezi kumfanya mtu chochote. Alisimama katikati ya chumba akashika kifua. Hakuna umeme. Alitakiwa tu afike kabla haujarudi.

Hakubadilisha nguo. Alitoka na bisibisi mkononi na gauni la nyumbani, goti lake bovu likimlalamikia, akasimamisha pikipiki ya kwanza.

"Saluni ya kona, nyuma ya soko la mitumba. Kimbia, baba."

Dereva alimtazama uso, akatazama bisibisi. "Mama, kuna mgonjwa?"

"Bado."

Dereva hakuuliza tena. Njiani Mama Spika alikuwa akitazama madukani kama mwizi. Mafriji ya soda yalikuwa gizani, vizuri. Kinyozi alikuwa amekaa nje na gazeti, vizuri. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amelala juu ya benchi, miwani yake myeusi kifuani, akampenda fundi yule kama ndugu. Lala, mwanangu, usiamke. Alijaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyemuuzia spika ya aina ile. Hakuna. Au lile sanduku alilomuuzia mchungaji? Hapana, lile lilikuwa na donge, alikumbuka uzito wake. Lilikuwa nalo kweli? Alikumbuka maneno ya baba yake, aliyokuwa akiyarudia mpaka yanachosha: chuma usichokijua kiguse kwa mgongo wa mkono, maana umeme hukunja vidole, na vidole vikikunjwa vimeshika, haviachii. Nani anazungusha sauti ya spika kwa mgongo wa mkono?

Walikuwa wamefika kwenye kichochoro cha mafundi cherehani aliposikia watoto.

"Umerudiii!"

Mtaa mzima uliamka kwa mpigo. Redio tatu zikaanza kuimba nyimbo tatu. Taa ya duka la dawa ikapepesa, ikashika. Kila mtu alikuwa akicheka, maana umeme ukirudi watu hucheka tu, na Mama Spika alimpiga dereva begani.

"Niteremshe! Niteremshe hapa hapa!" Foleni ya mikokoteni ilikuwa imeziba njia. Alimwachia dereva kila senti iliyokuwa mfukoni mwa gauni, akakimbia na bisibisi yake. Alikuwa hajakimbia tangu binti yake awe na umri wa kupotea sokoni. Akikimbia aliwaza jambo la ajabu: kwamba mashine hizi za taa za kioo huchelewa kuamka, hunguruma kidogo kwanza, na mtu asipoisikia sauti mara moja hudhani haijawaka, akaenda kuizungusha zaidi.

Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ya sabuni; walikuwa wameutumia muda wa giza kufanya usafi. Kandambili zote zilikuwa zimepangwa ukutani. Mteja mmoja mnene aliketi kichwa kimejaa povu, mwingine alikuwa na kitana kimechomekwa katikati ya nywele zilizosimama. Msusi, pekupeku, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono inadondosha maji, alikuwa anaelekea kwenye spika iliyowekwa juu ya kabati la mafuta, shaba zake zikimeta kama meno ya dhahabu.

"Bibi, tupe muziki bwana, tumekaa kama tuko matangani!" alisema yule wa povu.

"Nawapa, mna haraka ya kwenda wapi?"

Mama Spika alifungua mdomo apige kelele. Miaka yote ya kupaza sauti juu ya mashine za kufulia, na leo redio za mtaa zilimzidi. Alichoweza kuona ni soketi, pale pale ubavuni mwa mlango, na waya mweusi ukishuka kutoka hapo. Aliushika kwa plastiki ya plagi, akauvuta kwa nguvu zote mpaka akapiga bega ukutani.

Spika iliyokuwa imeanza kunguruma ikanyamaza. Msusi aligeuka, mkono bado uko hewani.

"Wee! Nani huyo? Dada? Mbona unatuzimia starehe? Na bisibisi! Umekuja kutupora?"

"Usiiguse," Mama Spika alisema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto. "Toka hapo. Vaa viatu."

"Kwani ina nini?"

"Ina umeme."

Wanawake walicheka. Yule wa povu alipiga paja. "Kwani ulitaka iwe na nini, uji?"

Lakini Msusi hakucheka sana. Alivifuta vidole kwenye aproni, taratibu. "Unamaanisha kule kung'ata?"

Mama Spika alishika fremu ya mlango. "Inang'ata?"

"Si siku zote. Inategemea imeamkaje. Tukiichomoa ili tuchomeke draya, tukairudisha, siku nyingine poa, siku nyingine ukiigusa inakutekenya mpaka kiwiko. Tukasema ina wivu, haipendi kuchomolewa. Siku ikiwa na hasira mimi huizungusha kwa kitana, kile cha plastiki." Akatazama huku na huku, akakiona kile kitana kilipo, kichwani mwa mteja. Akatazama miguu yake ndani ya maji. Cheko la mwisho lilimalizika lenyewe.

"Siku hizo ulikuwa umevaa kandambili," Mama Spika alisema. "Na chini pakavu."

"Dada. Niambie kweli. Leo ningekufa?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ni hitilafu ndogo, waya umelegea, na kuondoka na heshima yake mbele ya mtaa mzima, kwa maana wanawake wale wangeitembeza habari kabla nywele hazijakauka. Aliutazama mkono wa Msusi, vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Ndiyo," alisema. "Na ni mimi niliyeiharibu. Ilikuwa na kinga, nikaitoa. Nilidhani ni uchafu."

Msusi akaketi kwenye kiti chake cha kusukia, kile cha kuzunguka, na kiti kikamzungusha kidogo mpaka akajiona kwenye kioo. Alijitazama kitambo.

"Na nilivyoipenda kwa sababu ya hivyo vya shaba," alisema.

"Najua. Na mimi."

"Iondoe. Iondoe hapa sasa hivi, sitaki hata kuiona." Mama Spika alipoinua mikono kuibeba, Msusi akamwita, bila kugeuka, kupitia kioo. "Ukirudisha hicho ulichokitoa, itakuwa nzima?"

"Nitairudisha. Na nitaiwekea transfoma, na plagi ya miguu mitatu. Ndipo itakuwa nzima."

"Basi usiniletee. Nije kwanza nikuone wewe ukiishika. Ukiwa pekupeku."

Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka, na Mama Spika aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi.

Jioni ile mumewe alimkuta ameketi mezani, spika mbili pacha mbele yake, plagi zote mbili zimekatwa na kuwekwa kando. Alikuwa ameyeyusha mshumaa kwenye kifuniko cha chupa, na kwa ncha ya kijiti cha kiberiti alikuwa akidondosha nta kwenye tundu la kizungushio cheusi, akisubiri igande, akiisawazisha kwa ukucha. Vile vya shaba vilikuwa kwenye kikombe cha chai, kirefu, mbali na mkono.

"Leo nyumba imekuwa kanisa?" mumewe aliuliza. "Mbona mshumaa na umeme upo? Washa taa, mama, utaharibu macho."

Mama Spika aliinuka, akaenda ukutani kwenye swichi aliyoiwasha na kuizima tangu waoane. Alisimama mbele yake. Mumewe alimwona akifuta mkono kwenye gauni, upande huu, upande ule, kisha akaugeuza na kuisogelea swichi kwa mgongo wa vidole, polepole, kama mtu anayepima homa kwenye paji la uso wa mtoto aliyelala, asitake kumwamsha.