Maharage Yaliyoota Kwenye Mboji

Nyuma ya jiko la chuo chetu kuna rundo la mboji, nami ni mmoja wa wanafunzi wa kilimo wanaolitunza. Tunatia maganda ya mihogo na ya ndizi, majani makavu na samadi kidogo, kisha tunapindua. Kwetu Nyabiondo, Mama alitupa maganda yake kwenye migomba nyuma ya nyumba, na hakuna aliyempa alama kwa hilo. Mwanzoni nililicheka somo hili. Siku hizi nikisikia harufu ya joto la lile rundo, nakumbuka nyumbani. Tulikimbia vita. Mama anaishi kambini Kitshanga, mimi naishi bwenini.

Muhula huu wapishi walichambua maharage, mabovu wakayatupa kwenye rundo. Mvua ikanyesha. Tulipokuja kupindua, upande mmoja ulikuwa wa kijani kibichi. Asistanti wetu, msaidizi wa mwalimu aliyekulia mjini, akasema tupindue lote. Hakuna aliyeinua jembe. Sote ni watoto wa wakulima wa milimani, na kung'oa haragwe lililokwisha kushika mizizi hatuwezi. Akatuita wakaidi, na kwa kweli ndivyo tulivyo.

Nikampigia Mama simu kumweleza.

"Usiing'oe," akasema. "Uiwekee miti, ipande." Kisha akauliza, "Njia ya Nyabiondo imefunguka?"

Huuliza hivyo kila mara, hata nikimpigia kumsalimu tu.

"Bado, Mama."

Tukapindua sehemu iliyobaki. Asistanti alinung'unika, baadaye akazoea. Maharage yakazaa, na wenzangu wakaniachia yote nimpelekee Mama. Nikapanda pikipiki hadi Kitshanga, kimfuko kifuani. Njia nzima niliwaza sufuria yake tu: maharage na mafuta ya mawese, sisi wawili tumekaa karibu na moto.

Mama aliyamimina kwenye kitenge mapajani, akayagusa moja moja. Halafu akayafunga katika kitambaa, akakitundika juu ya kitanda, akateleka maji ya fufu, ugali wetu wa muhogo.

"Mama, hatuipike?"

"Hapana. Hii njo mbegu. Tutapanda kwetu."

Kibanda chake kinagusana na cha jirani pande zote. Hapana nafasi ya kupanda hata shina moja. Nilitamani sana ayapike, nikashindwa kumwambia.