Kompyuta Iliyoacha Kuganda

Serikali ilipohamia Dodoma nilihamishwa nayo, pamoja na makabati. Mke wangu alibaki Dar es Salaam na kazi yake, binti yetu akabaki na shule yake, nami nikapanga nyumba ya vyumba viwili Area D nikijiambia kwamba ni kwa muda tu. Muda huo sasa una mapazia.

Kila Jumapili mchana tulikuwa tunaonana kwa kompyuta. Simu yangu ni ya vitufe. Niliwahi kuiandikia makala ndefu ya kuisifu, na baada ya hapo nikaona aibu kununua nyingine. Kwa hiyo nilitegemea kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshachoshwa na wengine. Nikifika katikati ya sentensi, inaganda. "Baba, umeganda tena," binti yangu husema. "Basi, wiki ijayo." Anakata. Dakika nne, zikizidi sana tano. Niliamini kabisa kwamba kati yangu na familia yangu kuna kasoro moja tu, na kwamba inatengenezeka.

Nikaipakata kwenye bajaji hadi mjini. Fundi, mama wa miaka thelathini na ushee, aliniamkia, "Shikamoo mzee," siku ambayo nilikuwa nimenyoa ndevu makusudi. Akaifungua ubavuni.

"Mzee, humu vumbi linatosha kupanda zabibu. Hujawahi kuipuliza?"

"Sikujua kama inapulizwa."

"Kwa umri wake, mimi ningenunua nyingine."

"Bajeti inasema hii hii."

"Haya, tuisikilize bajeti." Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. RAM ni ndogo, ataniongezea nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Diski ya zamani inayozunguka tutaitoa, tuweke SSD isiyozunguka, hata ile ndogo kabisa. Prosesa tuiache. "Unaitumia kwa kazi gani?"

"Kuongea na nyumbani."

Akanitazama kidogo. "Basi itakufaa."

Mwezi ule nilikula ugali kwa mlenda mpaka nikaanza kujisifu kuwa mwenyeji.

Jumapili iliyofuata kompyuta iliwaka kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti. Uso wa binti yangu ukatokea safi, hadi kipele cha kidevuni.

"Baba, leo mbona hugandi?"

"Nimeiongezea RAM!"

"Hongera. Kanisani vipi?"

"Salama. Shule?"

"Poa tu."

"Mvua huko?"

"Hamna. Huko?"

"Hamna."

Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nzima, na maswali yangu yote yalikuwa yameisha. Nyuma yake sahani ziligongana, naye akatupa jicho upande huo. Ni mtoto mwenye adabu, hawezi kumkatia baba yake hivi hivi. Nikaona anatafuta pa kutokea, na pale alipokuwa anatokea siku zote nilikuwa nimepaziba mwenyewe, kwa mshahara wangu.

Nikamwonea huruma. Nikaganda.

Mkono mmoja hewani, mdomo wazi kidogo, macho pembeni.

"Baba? Baba?" Akageuka. "Mama, kaganda."

"Si kasema katengeneza?" Sauti ya mke wangu ilitoka jikoni.

"Kapigwa hela na fundi huyo."

"Usikate. Mweke hapo, atarudi mwenyewe."

Hilo sikulitegemea. Binti yangu akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, wakaanza kula. Nilikuwa naona nusu ya hotpoti la wali na kiwiko cha mke wangu. Walibishana kuhusu chumvi. Wakamsema jirani aliyepaka geti lake rangi ya waridi, na mke wangu akacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi, ambacho hakijawahi kunifikia kwenye maongezi yetu ya Jumapili.

"Mama, mbona kama anatuangalia?"

"Ndivyo alivyo. Kula."

Pua iliniwasha, bega likaanza kutetemeka. Neno moja tu, hata kuulizia hiyo chumvi, na wote wawili wangekaa wima na kuniuliza habari za mvua. Mke wangu akasogeza bakuli la mchuzi, likaziba kila kitu. Nikabaki na ukingo wake wa buluu na sauti zao, na mkono nikauacha palepale ulipokuwa.