Sifuri Tatu za Aprili

Niliandika sifuri tatu kwenye daftari la mvua la mama. Siku tatu mfululizo, mwezi wa Aprili, Tukuyu. Mtu wa hapa akisoma hivyo anacheka kabla hajamaliza mstari, maana Aprili kwetu hata soksi zinakaukia jikoni.

Mama ndiye mpima mvua wa kijiji. Nyuma ya migomba kuna kopo la bati lenye chupa ndani. Kila saa tatu asubuhi anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, anasoma milimita, anaandika. Wiki ile alikwenda msibani Suma, akaniachia kazi. Sasa mimi ni mtu wa kidato cha tatu. Daftari langu la jiografia nimelifunika kwa ukurasa wa gazeti wenye habari za setilaiti ya hali ya hewa: iko juu ya ikweta, kilomita elfu thelathini na sita, inakwenda sawasawa na dunia kwa hiyo haibanduki mahali pake. Inajizungusha mara mia kwa dakika, na kila mzunguko jicho lake linasoma mstari mmoja wa dunia. Karibu nusu saa, picha imekamilika. Nikajiuliza, chombo kama hicho kipo, halafu mimi nilowe nikihesabu mistari ya bilauri? Maji nikayamwaga, nikaandika sifuri, kwa sababu ndiyo tarakimu isiyochosha mkono.

Mwezi uliofuata akaja bwana hali ya hewa kutoka Mbeya. Miaka hii kila kitu kinapunguzwa. Walianza na wafanyakazi wa mashirika, zamu ikafika kwa makopo. Alikuwa na orodha ya yatakayobaki. Mama alilisugua la kwetu kwa majivu tangu alfajiri.

Yule bwana alifungua daftari, akakwama kwenye zile sifuri.

“Mama, Aprili hii?”

“Nilikuwa msibani. Alipima kijana.”

Nikaona nimwokoe mama kwa elimu. Nikamhutubia mgeni habari za setilaiti mpaka mate yakakauka. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi kanisani.

“Umeisoma vizuri,” akasema. “Lakini hiyo imestaafu. Mafuta yalikaribia kuisha, yaliyobaki wakayatumia kuisogeza juu zaidi, ipishe nyingine.”

Ina bahati. Mjomba alipopunguzwa kazini alirudi kwa miguu.

“Na hata ilipokuwa kazini,” akaendelea, “kwenye picha yake ya joto nukta moja ni kilomita tano kwa tano. Kijiji chenu chote, na kilabu cha pombe, ni nukta moja. Inaona mgongo wa wingu. Kilichoanguka chini tunauliza kopo. Sasa kopo likisema uongo, la nini?”

Akaweka kalamu juu ya jina la kijiji chetu kwenye ile orodha. Mama aliitazama ile kalamu tu, yeye aliyepima hata asubuhi niliyozaliwa.

“Kopo halikusema uongo,” nikasema. “Maji yalikuwepo. Niliyamwaga mimi.”

“Mengi?”

“Siku ya pili chupa ilijaa.”

Akakata zile sifuri, akaandika ‘haikupimwa’ mara tatu. Jina letu akaliacha. Mama akamwambia ndaga, asante ya kwetu, akamfungia ndizi mbivu za njiani, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi, mvua ilikuwa imeanza, nami nimesimama palepale.

“Kavue shati, umelowa,” akasema. “Kesho saa tatu uko hapa na kalamu. Ukiandika sifuri nyingine, utahamia kwa hiyo setilaiti, mkapikiane.”