Swali la Daraja Lililopotea Ukunguni

Mimi, mwanangu, si mtu wa kushangazwa. Nilianza maisha na panga la kuazima, darasa la tano nikaliacha liendelee bila mimi, na leo ukisimama njia panda ya Makambako ukayaangalia malori ya mbao, usiulize ya nani, jua tu ni yangu. Nimeibiwa na rafiki, nimeokolewa na adui. Nimeona mti wa paina ukiangukia upande usiotakiwa, na mtu akatoka chini ya matawi akiomba kiberiti. Sishangai. Ila ipo siku moja naikumbuka, siku ya ukungu, ambayo nikiisimulia huwa natazama nyuma yangu kwanza.

Naisimulia sasa kwa sababu juzi, stendi, vijana walinichezea sauti kwenye simu. Mtu anamsema kiongozi. Amemsema ngozi, amemsema nywele, amemsema babu yake alikotoka, na vijana wanacheka mpaka wanashika matumbo. Nikawauliza, huyo kiongozi amekosa nini? Hakuna aliyejua. Ndipo baridi ikanipanda mgongoni, na jua lilikuwa kali.

Kijiji chetu kiko bondeni. Ukitoka Makambako kwenda Njombe, unaacha lami unaingia kushoto, na kabla hujafika kwetu unavuka mto. Si mto wa kujisifia, ila kingo zake ni ndefu na maji yake yanauma kama meno. Daraja lilikuwa magogo yaliyofungwa kwa waya. Watoto walilipita kwenda shule, wajawazito walilipita kwenda zahanati, na sisi wapasua mbao tulilipita na mzigo begani, hata lori moja moja lilipita likinyata. Magogo yakaanza kuoza. Diwani akaja, akatangaza kwamba hela za daraja la zege zimepatikana, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Masika ikapita, ikaja nyingine ikapita, na magogo yakawa laini kama viazi vilivyolala kwenye maji.

Diwani huyo tumwite Bwana Karimu. Babu yake alikuwa Mbaluchi aliyekuja kuuza chumvi na kaniki, lakini kwetu sisi kila mwenye nywele za kulala alikuwa Mhindi, hatukuwa na muda wa kuchambua. Yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, kala viazi vya hapa, kanywa ulanzi wa mianzi ya hapa, na alikuwa akitusalimia "Kamwene" kama mtu yeyote. Wengine tulikuwa hatuitikii. Tuliona kama ametuibia kitu.

Sasa sikiliza desturi. Kwetu, neno zito la kijiji halisemwi na kila mdomo. Wazee hukaa, wakalichekecha, kisha wakachagua mtu mmoja wa kulibeba. Huyo hubeba kama aliyetumwa kaa la moto kwa jirani: lifike linawaka, na lisiunguze nyumba ya mtu njiani. Haongezi lake. Mjumbe hauawi, walisema wahenga, kwa sababu neno si lake. Kwa neno la daraja nikachaguliwa mimi. Nilikuwa kijana, sauti yangu ilikuwa inasikika kutoka kilima hadi kilima, na nilikuwa nimeanza kujiona. Bibi Yuditha, mjane ambaye wazee wanaume walikuwa hawafungi neno bila yeye, akanishika kifundo cha mkono.

"Ni swali moja," akasema. "Hela za daraja zilizotangazwa ziko wapi? Ukishauliza, kaa chini. Usimpe pa kukimbilia."

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, kule juu. Tulipoanza jua lilikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji alipofungua maneno, ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, unavyopandaga mwezi wa sita, taratibu kama kitu kinachojua kinakokwenda. Ulikula kwanza miti, halafu ukala darasa, halafu ukala watu wa nyuma, na nilipoitwa kusimama nilikuwa naiona meza tu, na Bwana Karimu nyuma yake amekunja mikono. Palipokuwa na watu niliona weupe mtupu. Nilijua wapo kwa sababu ya kukohoa.

Nikaanza vizuri. Nikasema daraja limeoza. Mwanangu, hujawahi kusimama mbele ya ukungu usiokujibu. Unajiona kama unaongea kaburini. Nikaogopa, na mtu mwenye kujisifu akiogopa hutafuta kicheko. Nikasema:

"Lakini tunamuuliza nani? Miguu myeupe hii imekanyaga tope lini? Yeye akitaka kuvuka, avuke bahari, arudi kwao."

Ukungu ukacheka.

Sina namna nyingine ya kukueleza. Sikuona mdomo, sikuona jino. Kicheko kilianza mkono wa kushoto, kikazunguka nyuma, kikaja kutokea mahali ambapo nilikuwa na uhakika hakuna mtu aliyekaa. Kikaninogea. Nikaongeza la nywele, kikakua. Nikaongeza la babu yake na chumvi, kikakua tena, mpaka nikawa sijui kama ni watu ninaowajua au ni kitu kingine kimekuja kukaa nao. Nikakaa chini natetemeka kwa raha. Swali nilikuwa sijaliuliza. Na hakuna aliyegundua, hata mimi.

Bwana Karimu akasimama polepole. Akasema amesikia, ametukanwa rangi aliyopewa na Mungu, na kwa hali hiyo hana la kujibu, mkutano umefungwa. Mchungaji wa kanisa letu akasikika akisema ni aibu, tena aibu kubwa. Watu wakaanza kuondoka bila miili, nyayo tu. Nikiwa bado nimekaa, mtu akasimama karibu yangu, akainama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio. Akanena kwa Kibena, lugha yetu, kilichonyooka kuliko changu, Kibena cha jikoni kwa bibi, nami nikadhani ni mmoja wa marehemu wetu. Alisema hivi:

"Asante, kijana. Lile swali nilikuwa sijui nitalijibuje."

Nikageuka. Nikaona koti la Bwana Karimu likizama kwenye weupe.

Mimi nisiyeshangazwa, nikabaki nimekaa mpaka nyayo za mwisho zikaisha uwanjani. Mpaka leo sijui zile hela zililiwa au hazikutoka huko juu, na pengine yeye mwenyewe alikuwa amedanganywa kabla ya kutudanganya sisi. Sitajua. Aliyetumwa kuuliza hakuuliza.

Njia nzima ya kurudi kile kicheko kilinifuata. Kila uani nilipopita, nyuma ya kila ukuta wa mianzi, nilisikia maneno yangu yakirudiwa, mara kwa sauti ya mama, mara kwa sauti ya mtoto. La miguu myeupe, wanalo. La chumvi, wanalo. La daraja sikulisikia hata kwa mmoja. Nilipofika kwa Bibi Yuditha, alikuwa amekaa mlangoni kana kwamba ameona yote, naye hakutoka nyumbani siku ile kwa sababu ya maumivu ya miguu.

"Nilikutuma na swali," akasema, "umerudi na kicheko. Haya, kipeleke mtoni, tuone kama kinavusha mtu."

Nikajitetea kwamba yule mtu ni mkosaji kweli.

"Ungemsema kwa kazi yake, angekosa pa kukanyaga. Umemsema kwa ngozi, umemjengea nyumba na mlango umemfungia wewe mwenyewe. Nani atabisha hodi sasa?"

Na kweli hakuna aliyebisha. Kila aliyejaribu kutaja daraja baada ya hapo aliambiwa, wewe ni wa kundi la yule mbaguzi. Watu waungwana, wenye hofu ya Mungu, waliogopa kulishika lile swali kwa sababu lilikuwa na uchafu wa mdomo wangu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linaumiza mmoja.

Uchaguzi ukaja, Bwana Karimu akatoka, akaingia mtu wetu. Mbena, tena wa ukoo tunaozikana nao. Tukafurahi kwamba sasa tuna mweusi mwenzetu, tunajuana mpaka kwa mababu. Huyo naye akakaa miaka yake yote na daraja halikujengwa, na hapo ndipo penye kunitisha zaidi kuliko ukungu: hatukumuuliza. Tulisema ni wetu, asiaibishwe. Yule tulimsema sana kwa rangi mpaka akaponyoka bila kujibu la kazi, huyu tukamnyamazia kazi kwa sababu ya rangi. Ugonjwa ni ule ule, mwanangu, umelala ubavu wa pili.

Wakati huo nimeshapata lori langu la kwanza, fuso kuukuu lakini langu. Asubuhi moja ya ukungu dereva wangu, Onesmo, alitoka na mbao. Hakufika kwenye lami. Nilipofika mtoni sikuona lori wala daraja, niliona weupe tu, na kutoka ng'ambo nikasikia watu wanacheka. Ni kile kile, mwanangu, kinazunguka, kinatoka pasipo na mtu. Nikapiga magoti kwenye tope nikaziba masikio. Baadaye waliniambia magogo yalikatika, lori likazama, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanapiga kelele za kuomba kamba. Onesmo alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika pawili, na mpaka leo akitembea unamjua kwa mlio wa mguu kabla hujamwona. Hajanilaumu hata kidogo. Ningependa anilaumu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kiongozi msema. Msema kwa sauti, msema mbele yake, awe mweupe, awe mweusi, awe wa ukoo wako au wa ng'ambo ya bahari. Lakini mshike kwa kile alichoahidi na kile alichofanya, maana hapo ndipo hana pa kuponyoka. Ukiona umefika kwenye ngozi yake, jua swali limekuishia au umeanza kuliogopa. Na watu wakicheka, kabla hujaongeza jingine, jiulize wanacheka nini na nini kimezama wakati wanacheka. Wa kwenu naye usimwache alale kwa sababu mnafanana. Damu haimwagi zege.

Mungu akupe ulimi unaofikisha ulichotumwa. Akupe wazee wa kukukemea ungali kijana, na kila mto utakaouvuka uukute una daraja. Usinunue somo hili kwa bei yangu, kwani lori, mbao na mguu wa Onesmo vilinigharimu shilingi milioni kumi na moja, laki sita na elfu arobaini.